Insha ya Mlango wa Udaktari

Mmeniomba niandike kabla sijasahau, na nimekubali kwa sababu mmeniomba kwa adabu, na pia kwa sababu tangu nistaafu nyumba yangu imekuwa kimya mno. Nawaandikia ninyi walimu vijana mliolichukua darasa langu la insha, lile la kuwatayarisha wanaotaka kusomea udaktari. Msitafute humu nani alipandishwa cheo mwaka gani. Na mishahara ya miaka ile, tuiache ilale mahali pema.

Baba yangu alitoka Mitwaba kwa miguu kuja Lubumbashi kutafuta kazi ya reli, akaipata, na tangu hapo aliamini kwamba kazi nyingine zote ni mchezo. Nilipomwambia nitafundisha Kifaransa, akauliza kama walimu nao wanapewa nyumba. Nikamwambia hapana. Akaenda zake kazini.

Darasa langu la kwanza lilikuwa ukumbi wa parokia wenye viti vya harusi na ubao mmoja uliopasuka katikati. Ndani walikaa vijana waliomaliza sekondari, wakisubiri mtihani wa kuingia kitivo cha udaktari, ambao hapa kwetu kila mtu anauita konkuru. Ulikuwa na biolojia, kemia, hesabu, na insha ya Kifaransa. Zile za kwanza walizisoma kwa moyo. Insha waliiona kama ushuru wa barabarani, kitu unachotoa ili upite. Kijana mmoja mwenye ndevu, mkubwa kuliko mimi, alisimama kabla sijaandika hata tarehe ubaoni.

"Madame, mugonjwa eko nakufa, mi namuandikia insha?"

Wakacheka. Jibu lilitoka nyuma ya ukumbi, alikokaa Mwalimu Kasongo, mzee aliyekuwa amepewa kazi ya kuniangalia nisiliharibu darasa.

"Mugonjwa hatakuletea ugonjwa, baba. Atakuletea maneno. Kama huyue kupanga maneno, utamukata muguu wenye iko muzima."

Kila nilichojua baadaye kilitoka kwa mzee yule. Chombo chake cha kazi kilikuwa mkasi. Mwanafunzi akimletea insha, hakusoma kwanza. Aliikata aya kwa aya, akazichanganya mezani kama karata, akamwambia mwenyewe azipange upya. Aliyeshindwa kujua aya ipi inatangulia ipi alikuwa amejijibu mwenyewe: hakuwa na hoja, alikuwa na mafungu ya maneno. Nimewaona wavulana wakubwa wakilia mbele ya insha zao zilizokatwa. Nimewaona pia wakirudi wiki iliyofuata na insha ambayo haikukubali kupangwa kwa njia nyingine, na mzee akiufunga mkasi na kuutia mfukoni bila kusema neno. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake, na ilitosha.

Maradhi ya insha zetu mnayajua, hayajabadilika sana. Nusu ya wanafunzi walianza na "Tangu kuumbwa kwa ulimwengu", hata kama swali lilihusu nzi. Wengine walimaliza kwa kumshukuru msahihishaji na kumwombea afya yeye na familia yake, kama vile insha ni hotuba ya harusi. Na katika miaka ile ya Zaire kulikuwa na wale waliodhani hakuna maandishi yanayokamilika bila kumtaja Mwongozi wa Taifa, yaani Rais. Nilisahihisha insha nzuri sana juu ya malaria ambamo mbu alionekana kama adui wa Chama. Sikukata alama. Nilikuwa na watoto wa kulea.

Kesi ngumu hazikuwa zile za wajinga. Mjinga anajua hajui, unamshika mkono mnakwenda. Kesi ngumu ilikuwa kama yule kijana wa mtaa wa Golf, mtoto wa mfanyabiashara wa jumla kutoka Kivu ya Kaskazini, Mkristo mwema aliyeuza unga, chumvi na sabuni kwa malori. Kijana aliandika kurasa bila mwisho, na kila nilipompunguzia aliongeza. Siku moja baba mwenyewe akaja kuniona, mtu mpole, kofia mkononi.

"Madame, unamwambia apunguze. Katika kazi yangu, mtu akipunguza mzigo, ni mwizi."

Nikamwambia katika kazi yangu mzigo unapimwa kwa kinachobaki baada ya kuufungua. Aliwaza sana juu ya jambo hilo. Kijana alifeli konkuru mara ya kwanza, akapita mara ya pili, na leo anaandika maagizo ya dawa kwa ufupi kiasi kwamba wauguzi hawayaelewi.

Halafu nchi ikaanza kuvunjika. Sitaki kuwapa somo la historia, wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa. Wanajeshi waliupora mji, na raia wakamalizia yaliyobaki, hadi milango na vyoo. Migodi iliyokuwa inalisha nusu ya mji ikanyamaza. Walimu tuligoma, tukarudi, tukagoma tena, na serikali haikuona tofauti. Mwalimu Kasongo alifariki katikati ya mgomo mmoja, kwa ugonjwa ambao zamani ulitibiwa kwa vidonge, na darasa likabaki mikononi mwangu pamoja na mkasi wake.

Mkasi wenyewe haukuwa na cha kukata. Karatasi zilipotea madukani kabla ya sukari. Wanafunzi walipasua mifuko ya saruji, wakaikung'uta, wakaandika juu yake, na ukumbi mzima ukawa unapiga chafya. Karatasi ile ngumu ilikunywa wino wote, ikawa lazima uandike kidogo na uandike kile unachokijua. Nawaambieni, sijawahi kupata insha nzuri kama za mifuko ya saruji.

Ilipokosekana hata mifuko, tuliandika kwa mdomo. Ndipo nilipoanzisha ile desturi ambayo mmeirithi na ambayo wengine wenu mnailalamikia. Swali linatolewa, mwanafunzi anasimama, na kabla hajatetea anachoamini, anatetea kwanza kile asichokiamini, na anakitetea vizuri, mpaka mwenye imani hiyo akikaa darasani aseme "ndiyo, hivyo ndivyo nilivyotaka kusema". Kisha mwingine anamjibu. Nilifanya hivyo kwa sababu insha zao zote zilikuwa na upande wa kwanza wenye nguvu na upande wa pili uliowekwa pale ili upigwe. Wakanipa jina la Madame Upande wa Pili. Hata wauza mikate wa pale nje walikuja kuniita hivyo, na mmoja aliwahi kuniuliza mume wangu ni wa upande gani.

Katika kundi la mwaka ule mbaya kuliko yote alikuwamo msichana aitwaye Kapinga. Wazazi wake walikuwa watu wa Kasai, jimbo jirani. Babu yake aliletwa na reli zamani, baba yake alifanya kazi mgodini, na yeye alizaliwa hapahapa Lubumbashi, akasema Kiswahili chetu vizuri kuliko lugha ya bibi yake. Alikuwa mwembamba, mkaidi, na alitaka udaktari kwa namna iliyonitia hofu. Wengine walitaka kuwa madaktari ili mama zao wafurahi. Yeye alikuwa amezika wadogo zake wawili kwa surua, na alikuwa na hasira nayo kama mtu mwenye hasira na jirani.

Mwaka huo ndipo wakubwa wa jimbo walipoanza kuwaambia watu wa Kasai warudi kwao. Redio ilisema, mitaa ikasema, vijana wakajikusanya kwa makundi na kuweka vizuizi barabarani. Watu waliozaliwa hapa na waliozika wazee wao hapa waliitwa wageni. Mimi ni Mkatanga, mwenyeji wa jimbo hili, na wengi wa wanafunzi wangu pia. Darasani viti vilianza kusogea. Upande wa dirisha wakakaa hawa, upande wa ukuta wakakaa wale. Niliona jambo hilo, na liliniuma sana, maana viti vile nilivipanga mwenyewe kila asubuhi.

Siku moja Kapinga akasimama kabla sijatoa swali.

"Madame, leo mi nataka swali yangu. Muntu ni wa kwenye alizaliwa, ao ni wa kwenye baba ya baba yake alitoka?"

Nikamwambia si lazima. Akasema ni desturi ya darasa. Kisha akatetea upande wa pili, ule uliokuwa ukimfukuza. Alisema ardhi ina wenyewe. Alisema mgeni akikaa sana husahau kuomba ruhusa. Alisema kazi za mgodi zilipokuwa nyingi hakuna aliyehesabu, lakini chakula kikipungua kila nyumba hutazama watoto wake kwanza. Aliyatoa maneno ya redio na ya mtaani moja baada ya jingine, bila kejeli, kwa sauti ya kawaida, na aliyapanga vizuri kuliko redio yenyewe. Mkasi wa Mwalimu Kasongo usingepata pa kuingia. Alipomaliza alikaa chini akajifuta mikono kwenye sketi.

Zamu ya kujibu ilikuwa ya Ilunga. Huyu alikuwa kijana wa Kikatanga mwenye kichwa chepesi kwa kemia, na kaka yake mkubwa alikuwa mmoja wa wale wa vizuizini, kila mtu alijua. Ilunga akasimama. Alitazama mlango mpaka nikadhani atatoka nje.

"Mama yangu na mama ya Kapinga balizalia mu chumba moja, maternité moja," alisema. "Balikopeshana maji ya moto. Sina ingine."

Akakaa. Kama ingekuwa karatasi ya konkuru ningempa alama ndogo: mfano mmoja, hoja hakuna, hitimisho hakuna. Lakini asubuhi iliyofuata nilikuta viti vimechanganyika tena, na nilikwenda nyuma ya ubao nikalia kidogo.

Haukupita muda mrefu familia ya Kapinga ikatolewa nyumbani. Baba alikuwa ametangulia Kasai kutafuta pa kuwaweka, kwa hiyo mama yake ndiye aliyebeba yote: watoto wadogo, masufuria, magodoro, na gunia la unga wa muhogo. Walikwenda kukaa kiwanja cha stesheni pamoja na wengine wengi, kungoja treni. Treni zilikuja zilipotaka. Kuna waliongoja hadi mvua zikaisha.

Na konkuru nayo ilikuwa inaahirishwa. Mgomo wa maprofesa, kisha umeme, kisha hakuna karatasi za mtihani. Hapo ndipo jambo lote lilipofungamana: kama treni ingetangulia, Kapinga angeondoka bila kuandika, na hakuna aliyejua kama huko waendako kulikuwa na shule yoyote iliyofunguliwa. Kama konkuru ingetangulia, angalau angejua kama ana kichwa cha kazi ile. Nilikuwa nakwenda stesheni mchana nikitoka parokia. Tulikaa juu ya magodoro, nampa swali, anatetea upande wa pili, na mama yake anasonga bukari, ugali wetu, pembeni akisikiliza. Mama hakujua Kifaransa sana, lakini mara kwa mara alinyanyua mwiko na kusema, "Hapo umedanganya," na kwa kawaida alikuwa sahihi, maana sauti ya mtoto wake aliijua.

Wajomba wa Kapinga hawakupenda. Mmoja alinijia juu mbele ya watu.

"Konkuru ya inchi gani, Madame? Banatufukuza, na mutoto aende kubaandikia insha?"

 Mama ndiye aliyejibu, bila kuacha kusonga.

"Habaandikii bao. Anajiandikia yeye. Aache aandike."

Mungu naye ana utani wake. Konkuru ilitangazwa, na treni ikatangazwa, siku ileile. Mtihani asubuhi, treni "mchana, ikikubali". Mama alifikiri, kisha akaamua: mizigo ipakiwe na watoto wapande, Kapinga aende akaandike, na yeye atangoja mlangoni mwa behewa mpaka mtoto atokee.

Kapinga hakuweza kutembea peke yake toka stesheni hadi ukumbi wa mtihani, vizuizi vilikuwa vitatu njiani. Darasa zima lilikuja kumchukua. Mimi sikuwaita. Walimweka katikati, Ilunga mbele, wakaenda wanaulizana biolojia kwa sauti ya juu kama wapumbavu. Kwenye kizuizi cha kaka wa Ilunga, kijana mmoja mwenye rungu alimwonyesha Kapinga kidole.

"Uyu nani?"

"Ni wa konkuru," Ilunga akasema. "Siye bote ni ba konkuru. Utatuchelewesha, na weye ukigonjwa nani atakutibia?"

Kaka yake aliangalia pembeni. Wakapita. Mimi nilikuwa nyuma yao hatua chache, nikijifanya nasoma rozari, ingawa naona nilikuwa nairudia salamu moja tu.

Swali la insha, nilikuja kuambiwa, lilikuwa juu ya maji safi na afya ya mji. Tulikuwa tumeijadili nchi nzima juu ya magodoro yale, na wao wakauliza juu ya mabomba. Ndivyo mitihani ilivyo, watayarisheni kwa hilo pia.

Mimi nilirudi stesheni kumpa mama moyo, nikakuta treni imeshafika. Imekubali mapema. Watu walikuwa juu ya paa, madirishani, kila mahali. Mama wa Kapinga amesimama mguu mmoja kwenye ngazi ya behewa na mguu mwingine chini, na watu wanamsukuma, na yeye haondoki. Mkuu wa treni alikuwa Yaya Mukalay, yaani kaka Mukalay, mtoto wa baba yangu mkubwa, mtu wa sheria, aliyevaa tai hata kwenye mazishi ya jioni. Nikamweleza. Akanisikiliza akitazama mbele.

"Dada, treni haingojake muntu."

"Najua, Yaya."

Akajipapasa mfuko wa kwanza, kisha wa pili.

"Filimbi yangu haionekane," akasema. "Bila filimbi siwezi kuondosha treni. Ni kanuni."

Akaanza kuitafuta. Aliitafuta ofisini, chini ya benchi, akamtuma mtu aiulize kwa dereva. Abiria walimtukana kwa lugha zote za Kongo. Nami nikiwa nimesimama karibu yake niliiona kamba ya filimbi ikining'inia shingoni, chini ya tai. Kapinga alipotokea anakimbia, wino mkononi, jasho usoni, mama akamvuta ndani kwa kola bila kumsalimu, na Yaya Mukalay akaipata filimbi yake. Hatukuagana. Nilipunga mkono kwa treni nzima, maana sikujua yuko dirisha gani.

Matokeo yalibandikwa baada ya majuma mengi, kwenye ukuta wa kitivo. Mnajua kwetu mtu akipita mtihani anamwagiwa poda kichwani, anatembea mji mzima mweupe ili kila mtu ajue. Siku hiyo poda ilikuwa ghali, lakini wazazi walikuja nayo hivyo hivyo, imefungwa kwenye vipande vya gazeti. Nilisoma ukuta kutoka chini kwenda juu, kama ninavyofanya siku zote, kwa woga. Jina la Ilunga halikuwepo. Jina la Kapinga lilikuwepo, karibu na juu.

Ilunga alikuwa amesimama pembeni yangu. Alikuwa na poda yake mfukoni, aliyoinunua kwa ajili yake mwenyewe. Alisoma ukuta mara ya pili, akaitoa, akaifungua.

"Kapinga haiko," akasema. "Madame, kuya hapa."

Akanimwagia yote kichwani. Nilirudi nyumbani mweupe, mwanamke mzima, na njiani watu walinipigia vigelegele wakaniuliza nimefaulu nini. Nilikuwa nalia na poda ilikuwa inageuka uji.

Nafasi ya Kapinga ilipewa mwingine, kwa sababu aliyepita lazima aje kujiandikisha mwenyewe. Nilibisha hodi kila ofisi. Aje mwenyewe, walisema. Nawaambieni ili msiwadanganye wanafunzi wenu kwamba insha nzuri inafungua kila mlango. Yeye alingoja miaka huko Kasai mpaka shule ikafunguliwa, akafanya mtihani upya, na sasa ni daktari wa watoto. Ilunga alirudia mwaka uliofuata, akapita, na poda hiyo niliinunua mimi.

Lakini siku ile ya ukuta nilitaka Kapinga ajue. Posta ilikuwa imekufa. Nilimpa Yaya Mukalay ujumbe wa mdomo, naye akaupeleka akiuliza stesheni kwa stesheni. Aliporudi alikuja nyumbani moja kwa moja, bado na vumbi la safari, akavua kofia. Alisema aliwakuta mbele ya Kamina, mahali ambapo behewa lao lilikuwa limeachwa bila kichwa cha treni. Watu walikuwa wanakula mara moja kwa siku, na wengine si kila siku. Alisimama kati ya mabehewa akalitaja jina la Kapinga na kusema, huyu amepita konkuru ya udaktari huko Lubumbashi.

Mama yake aliinuka, akafungua gunia la unga. Lilikuwa limebaki chini kabisa. Akachota kwa mikono miwili, akammwagia Kapinga kichwani, akachota tena, akammwagia, mpaka msichana akawa mweupe toka nywele hadi miguu, na watu wa mabehewa yale wakapiga makofi.

"Nilimuambia, mama, ile si ni chakula ya batoto?" alisema Yaya Mukalay. "Akaniangalia tu. Akasema, 'Tutakula kesho.'"